Punda Walizuiwa, Mafuta Yakapita

Kila yanapotajwa maanguko ya Ushirika wa Mataifa, husemwa kwamba chombo kile kilizaliwa bila meno. Sikubali, na shahidi wangu ni orodha moja ya bidhaa.

Italia iliivamia Ethiopia tarehe 3 Oktoba 1935. Mussolini, mtawala wa Italia, alikuwa amewajaza watu wake kiu ya kulipiza kisasi cha Adwa, ambako Waethiopia waliwashinda Waitalia mwaka 1896. Siku chache baadaye Ushirika ukatamka kwamba Italia ndiyo mchokozi, na kuanzia tarehe 18 Novemba vikwazo vikaanza. Orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuuzwa Italia inaanza kwa farasi, nyumbu, punda na ngamia. Hufuata mpira, bati, nikeli na madini mengine. Isome hadi mwisho: petroli haimo. Makaa ya mawe hayamo. Na vita vile viliendeshwa kwa malori na ndege. Mkalimani wa Hitler, Paul Schmidt, aliandika kwamba mwaka 1938 Mussolini mwenyewe alikiri: mafuta yangezuiwa, angeondoka Ethiopia ndani ya wiki moja.

Mfereji wa Suez nao ulibaki wazi, meli za askari zikipita mbele ya macho ya Waingereza. Walijitetea kwa mkataba wa 1888, ulioacha mfereji wazi kwa meli za mataifa yote. Utetezi huo hauna uzito, kwa sababu mchokozi alikwisha kutajwa kwa jina. Hofu ya Wafaransa naielewa zaidi: walimtaka Mussolini awe upande wao dhidi ya Hitler. Lakini Desemba hiyo hiyo Laval wa Ufaransa na Hoare wa Uingereza walipanga kwa siri kumkatia Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia, na hata hivyo, tarehe 7 Machi 1936 Hitler akaingiza jeshi Rhineland. Waliitoa nchi ya watu, na walichokinunua hawakukipata.

Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alisimama mbele ya Ushirika huko Geneva. Waandishi wa Kiitalia wakapuliza filimbi na kumzomea. Titulescu wa Romania akapaza sauti watolewe nje. Mfalme akangoja kimya, kisha akasema kwa Kiamhari: ndege 9, 15, hata 18, zikifuatana na kunyunyiza gesi ya sumu juu ya watu, mifugo, maji na malisho. Italia ilikuwa imeridhia itifaki ya 1925 iliyopiga marufuku silaha hiyo. Tarehe 15 Julai vikwazo vikaondolewa.

Kazi ambayo vikwazo havikuimaliza ikafanywa na askari: mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yaliingia Ethiopia kuwatoa Waitalia, na kati yao walikuwa askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Nchi zao hazikuwa na kiti Geneva. Walipigana hadi Gondar, iliyoanguka tarehe 27 Novemba.