Chupa za Mkojo za Mama Mmoja
Mwaka 1934, mjini Oslo, Borgny Egeland alimpelekea daktari Asbjørn Følling mkojo wa wanawe wawili, Liv na Dag. Akili zao zilidumaa, miili ikitoa harufu ya ajabu, na madaktari wengine hawakumpa jibu. Følling akadondoshea kloridi ya chuma, kipimo cha wenye kisukari. Badala ya rangi ya damu ya mzee, ikatokea kijani. Miili yao ilishindwa kubadili fenilalanini, malighafi ya dopamini ya ubongo. Lishe ya kuwaokoa watoto kama hao ilikuja miaka ya 1950. Dag alishafariki, Liv alishachelewa. Kila ninapopokea chupa ya mkojo maabara, najiuliza ni mama gani ameibeba.