Jinsi Uuguzi Ulivyoingia katika Vyuo Vikuu

Wako wazee ambao, wakisikia kwamba msichana anakwenda Chuo Kikuu miaka minne ili awe mwuguzi, hucheka. Husema, "Kumwosha mgonjwa na kumlisha uji, hata bibi yangu asiyejua kusoma aliweza." Maneno hayo si ya kwetu peke yetu. Yalisemwa Marekani na Uingereza pia, tena na watu wenye elimu nyingi. Kwa hiyo nataka kuwasimulia wasomaji habari ya kazi hii, jinsi ilivyotoka hospitalini ikaingia katika vyuo vikuu vya Marekani, maana ndiko jambo hili lilikoanza, ili kila mtu apime mwenyewe kama wazee hao wasema kweli.

Zamani katika nchi za Ulaya hospitali ilikuwa mahali pa maskini. Mwenye mali aliuguzwa nyumbani kwake, na wanawake waliowaangalia wagonjwa hospitalini walipata ujira mdogo, wala wengi wao hawakufundishwa. Mwaka 1836 mchungaji mmoja Mjerumani, Theodor Fliedner, alianzisha nyumba ya mashemasi wa kike huko Kaiserswerth, wapate kufundishwa kuwahudumia wagonjwa. Mwingereza Florence Nightingale, aliyezaliwa mwaka 1820, alikwenda kujifunza huko mwaka 1851. Miaka mitatu baadaye, wakati wa vita vya Crimea, aliongoza wanawake 38 kwenda Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, kuwauguza askari. Waingereza wakamchangia fedha kwa shukrani, naye kwa fedha hizo akafungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London, mwaka 1860.

Msomaji na aliangalie sana jambo hili moja: shule ile ilikuwa na mfuko wake mwenyewe, mbali na mfuko wa hospitali.

Hata ilipofika mwaka 1873, Wamarekani walifungua shule tatu kwa mfano wa ile ya London, moja New York, moja New Haven, na moja Boston. Lakini shule zilizofuata zilikuwa mali ya hospitali, wala hazikuwa na mfuko. Basi mapatano yakawa hivi: msichana atapewa chakula, kitanda na mafundisho, naye atalipa kwa kazi ya mikono yake. Mwanzoni yalionekana kuwa mapatano ya haki. Lakini wakuu wa hospitali wakagundua ya kuwa nyumba yenye wagonjwa wengi yaweza kuendeshwa na wanafunzi karibu peke yao, na mshahara ni haba. Mwaka 1880 shule hizo zilikuwa 15 tu katika Marekani nzima. Mwaka 1900 zilikwisha pita 400. Msichana alifanya kazi wodini saa kumi au kumi na mbili kila siku, na somo lake lilikuwa usiku, akiwa amechoka, kama daktari alipata nafasi ya kuja kufundisha. Alipokwisha kupata cheti aliondoka, mwingine akashika mahali pake.

Sisi walimu twaweza kulifahamu jambo hili kwa upesi. Mwalimu akiwapeleka watoto kulima shamba lake tangu asubuhi hata jioni, kisha mwisho wa mwaka akawaandikia cheti cha kusoma, je, amewafundisha? Shamba limelimwa kweli, na pengine watoto wamejifunza kushika jembe. Lakini aliyepata faida ni mwenye shamba.

Miongoni mwa waliolitambua kosa hilo walikuwa wauguzi wawili. Mmoja ni Isabel Hampton Robb, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa shule ya wauguzi ya hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889. Wa pili ni mwanafunzi wake, Mary Adelaide Nutting, mzaliwa wa Kanada, aliyepata cheti mwaka 1891. Waliona kwamba dawa ya kwanza ni kuwafundisha wale watakaofundisha wengine. Basi mwaka 1899 masomo ya wauguzi yalianzishwa katika Teachers College, chuo cha walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wawili tu! Mwaka 1907 Bibi Nutting aliitwa huko kuwa profesa, naye alikuwa mwuguzi wa kwanza duniani kupewa cheo hicho. Mwaka 1912 serikali ya Marekani ilichapa taarifa yake juu ya hali ya elimu ya wauguzi, na humo alionyesha jinsi hospitali zilivyotanguliza kazi yao mbele ya mafundisho ya wasichana.

Wakati huohuo, mwaka 1909, Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua shule ya wauguzi kwa juhudi za Dakta Richard Olding Beard. Hii ndiyo shule ya kwanza ya uuguzi kuwa chini ya chuo kikuu chenyewe. Lakini wasichana wake walipata cheti, si shahada, nao waliendelea kufanya kazi saa nyingi hospitalini kama wenzao wa shule nyingine. Twajifunza hapa kwamba kuingia mlango wa chuo kikuu si sawa na kupata elimu yake. Miaka kumi ilipita ndipo ikawekwa njia ya kupata shahada. Mwaka huohuo wa 1919, Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kilianzisha masomo ya shahada ya uuguzi, yakiongozwa na Bibi Ethel Johns; nayo yalikuwa ya kwanza katika dola yote ya Waingereza.

Mwaka 1923 ndio mwaka mkubwa wa habari hii. Kamati iliyolipiwa na wakfu wa Rockefeller ilitoa taarifa iliyoandikwa na Bibi Josephine Goldmark, ikaeleza wazi kwamba mwanafunzi hawezi kuwa mwanafunzi na papo hapo kuwa mtumishi wa kuziba kila pengo la hospitali. Mwaka uo huo Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, kikafungua shule ya wauguzi yenye mkuu wake na fedha zake. Mkuu huyo alikuwa Bibi Annie Goodrich, mwanamke wa kwanza kupewa cheo kama hicho katika Yale. Huko wanafunzi hawakuacha kazi ya wodini, la! Waliosha wagonjwa na kutandika vitanda kama kawaida, ila muda wa kukaa kila wodi ulipimwa kwa haja ya kujifunza, si kwa upungufu wa watumishi. Tangu mwaka 1934 Yale haikumpokea ila aliyekwisha kupata shahada ya kwanza mahali pengine.

Nisiwasahau wanawake weusi wa Marekani. Mary Eliza Mahoney alipata cheti cha uuguzi mjini Boston mwaka 1879, mtu mweusi wa kwanza kukipata katika nchi ile. Lakini shule nyingi ziliwafungia milango watu wa rangi yake. Mwaka 1908 wauguzi weusi walifanya chama chao wenyewe. Mmoja wao, Estelle Massey Osborne, mzaliwa wa Texas, alipata shahada ya pili katika Columbia mwaka 1931, na hakuna mwuguzi mweusi aliyeipata kabla yake. Baadaye alifundisha katika New York University. Kwa watu kama huyu shahada haikuwa pambo. Waliozoea kumwambia, "Hujafika," walikosa neno la kusema.

Tangu siku zile ngazi imeongezwa vipandio. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, mwuguzi Loretta Ford pamoja na Dakta Henry Silver walianza kuwafundisha wauguzi kupima na kutibu watoto pasipo kumngoja daktari kwa kila jambo. Leo Marekani kijana aliyemaliza shule husoma karibu miaka minne apate shahada ya kwanza. Humo hujifunza habari za mwili, dawa, chakula, akili za mtu na afya ya kijiji, pamoja na kazi ya wodini. Mwenye cheti cha hospitali au cha chuo kidogo aweza kurudi kuikamilisha, na aliye na shahada ya elimu nyingine amewekewa njia fupi. Juu yake iko shahada ya pili, yaani ya uzamili, kwa wanaotaka kufundisha, kuongoza, au kutibu. Kisha iko ya tatu, ya uzamivu, nayo ni ya namna mbili: moja ya utafiti, moja ya ustadi wa kazi yenyewe. Wala si wote walio na shahada. Wengi hata leo huingia kazini kwa masomo ya miaka miwili au mitatu, na mtihani wa kupata ruhusa ya kazi ni ule ule.

Basi, tuwajibu nini wazee wetu? Mwaka 2003 Bibi Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapa hesabu za wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali 168 za jimbo lile. Waliona kwamba mahali ambapo wauguzi wenye shahada walizidi kwa sehemu kumi katika mia, hatari ya mgonjwa kufa katika siku thelathini ilipungua kwa sehemu tano katika mia. Sisemi kwamba karatasi peke yake huponya mtu. Lakini mwuguzi ndiye akaaye na mgonjwa usiku, daktari akiwa amelala. Yeye ndiye aonaye kwanza kwamba pumzi imebadilika, na sharti ajue maana yake, kisha ajue la kufanya. Bibi yetu alikuwa na huruma, nasi twamheshimu kwa huruma hiyo. Ila wengi walikufa mikononi mwake kwa mambo ambayo leo yajulikana.

Vyuo vikuu vya kwetu pia, kama Nairobi, Makerere na Muhimbili, vilianza kutoa shahada ya uuguzi kabla ya karne ya 20 kwisha. Basi mzazi mwenye binti au kijana apendaye kazi hii asiulize ada peke yake. Na aulize pia: Je, huko mwanangu atafundishwa na nani? Akiwa wodini, yuko mwalimu wa kumwonyesha, au ameachwa azibe pengo? Na akimaliza, njia ya kupanda zaidi iko wazi? Maswali hayo matatu ndiyo waliyouliza Bibi Robb na Bibi Nutting, na majibu yake hayakupatikana kwa siku moja.