Mfalme Aliyekosa Malenga

Mwezi Julai 1484, watu wa London waliokwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo walikuta mlangoni pamebandikwa shairi la mistari miwili. Lilisema juu ya paka, panya na mbwa wanaoitawala nchi nzima, na juu yao wote yuko nguruwe. Hakuna aliyehitaji kufumbuliwa. Paka alikuwa William Catesby, panya Richard Ratcliffe, na mbwa Francis Lovell, watu watatu wa karibu kabisa na kiti cha enzi. Nguruwe alikuwa mfalme mwenyewe, Richard III, ambaye nembo yake, iliyoshonwa kwenye bendera na nguo za askari wake, ilikuwa nguruwe dume mweupe.

Aliyeshtakiwa kwa shairi hilo, William Collingbourne, alinyongwa karibu na Mnara wa London, akashushwa kabla hajakata roho, akapasuliwa tumbo angali hai. Wanaomtetea Richard husema, na wana haki kusema, kwamba hati ya mashtaka ilikuwa na jambo kubwa zaidi: Collingbourne alituhumiwa kumwandikia Henry Tudor, mdai wa ufalme aliyekuwa uhamishoni, akimhimiza avuke bahari. Kuna na jingine. Mwezi mmoja kabla ya shairi kubandikwa, Richard alikuwa amemwandikia mama yake barua akiomba kazi aliyokuwa nayo Collingbourne huko Wiltshire apewe Lovell, yaani huyo huyo aliyefanywa mbwa shairini. Kwa hiyo katika ile mistari miwili kuna siasa, na kuna pia kijembe cha mtu aliyenyang'anywa ulaji wake. Lakini mashtaka yote yamesahaulika na mistari imebaki. Mwingereza aliyesoma historia kidogo tu atakutajia paka na panya. Barua kwa Henry Tudor atakuwa hana habari nayo.

Richard alitwaa ufalme Juni 1483. Kaka yake, Edward IV, alikuwa amefariki na kumwachia mtoto wa miaka 12, Edward V. Richard, ami yake, alikuwa mlinzi wa ufalme kwa niaba ya kijana huyo. Baada ya wiki chache mlinzi akawa mfalme, kwa hoja kwamba ndoa ya kaka yake haikuwa halali na watoto si wa ndoa. Kijana na mdogo wake wa miaka 9 waliwekwa Mnara wa London, na tangu mwaka huo hawakuonekana tena. Kila shairi lililotungwa juu ya Richard limesimama karibu na mlango wa mnara huo, hata lile linalojifanya halioni.

Washairi wa kwanza kumchukia Richard kwa ufundi mkubwa hawakuwa Waingereza bali watu wa Wales. Henry Tudor alikuwa na damu ya Wales, na alipoteremka Milford Haven tarehe 7 Agosti 1485 akiwa na jeshi dogo, alipita katikati ya nchi ambayo washairi wake walikuwa wamemtabiri miaka mingi. Walikuwa na aina nzima ya ushairi wa utabiri, uliojaa mafumbo ya wanyama na ndege, ambamo mkombozi angekuja kuwatoa Waingereza madarakani. Umbo lao lilikuwa gumu: mistari ya mizani 7, miwili miwili yenye kina kimoja, na ndani ya kila mstari sauti za nusu ya kwanza zijibiwe na za nusu ya pili. Msomaji aliyelelewa kwenye vina vya kati na vya mwisho hatahitaji kuelezwa kwa nini watu wa namna hiyo walidharau maneno yaliyotiririka ovyo.

Dafydd Llwyd wa Mathafarn alikuwa bingwa wa utabiri huo. Masimulizi yanasema Henry, akiwa njiani kwenda vitani, alilala nyumbani kwake akamuuliza: nitashinda? Mshairi akaduwaa, akaomba muda. Mkewe akamwambia amjibu ndiyo. Akishinda atakukumbuka, akishindwa hatarudi kukudai. Siwezi kuapa kwamba maneno hayo yalisemwa, lakini aliyeyabuni aliwajua vizuri washairi wa wakubwa.

Tarehe 22 Agosti, huko Bosworth, Richard aliuawa akiwa na miaka 32. Muda mfupi baadaye Guto'r Glyn, mshairi mzee mwenye jina kubwa Wales, alimtungia sifa Rhys ap Thomas, mmoja wa makamanda wa Wales waliopigana upande wa Henry. Katika shairi hilo anamsifu kwa kumuua nguruwe, na anaongeza kwamba kichwa cha nguruwe kilinyolewa. Guto huyu zamani alikuwa amemsifu Edward IV, kaka yake huyo nguruwe. Kugeuka hakukumsumbua. Ni rahisi kuuchukua mstari wa kunyoa kuwa dhihaka ya kawaida ya mshairi wa mshindi, mwanaume kudhalilishwa kwa kunyolewa.

Kisha mnamo Septemba 2012 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Leicester walichimba kwenye maegesho ya magari, mahali palipokuwa na nyumba ya watawa Wafransisko, wakakuta mifupa ya mwanaume mwenye uti wa mgongo uliopinda kwa ubavu. Februari 2013 walitangaza kwamba ni Richard. Uchunguzi uliochapishwa mwaka uliofuata ulihesabu majeraha 11 ya wakati wa kifo, 9 kati yake kichwani. Mengine ya hayo ya kichwani yalikuwa ya juu juu, silaha yenye makali imepita juu ya fuvu na kuondoa vipande vyembamba vya mfupa. Nyuma ya kichwa, chini, palikuwa na tundu kubwa, pengine la shoka la mpini mrefu. Kofia ya chuma ilikuwa imekwisha kumtoka. Mtu hawezi kuthibitisha kwamba Guto alikuwa na majeraha hayo akilini, lakini mimi nasoma mstari wake leo kwa heshima tofauti. Alikuwa mpambe, aliimba kwa chakula na kitanda, na bado katika kazi yake ya kujipendekeza ameacha jambo ambalo mifupa imelikubali.

Mwitaliano Pietro Carmeliano hakuwa na bahati hiyo. Alifika Uingereza kutafuta riziki kwa kalamu ya Kilatini. Enzi ya Richard alimtungia Robert Brackenbury maisha ya Mtakatifu Katerina kwa beti, na katika utangulizi akammiminia mfalme sifa za ucha Mungu na haki. Brackenbury alikuwa mkuu wa Mnara wa London, mahali wale watoto walipopotelea. Mwaka 1486 Henry, sasa Mfalme Henry VII, alipopata mtoto wa kiume, Carmeliano alitunga shairi la kushangilia, na humo Richard yule yule akawa muuaji. Baadaye alipewa kazi ya katibu wa Kilatini wa mfalme. Vijana wa Dar es Salaam wana jina la mtu wa aina hii, chawa, nami sioni la kuongeza.

Lakini si wote waliokula upande wa washindi walimtukana. Kuna shairi la Kiingereza kuhusu vita vya Bosworth lililohifadhiwa katika hati ya karne ya 17, na lilitungwa kwa kuipendeza familia ya Stanley, watu ambao siku ile walimwacha Richard wakamshambulia kutoka ubavuni. Ukilisoma unangoja waliomsaliti wamchafue. Badala yake, mfalme anashauriwa apande farasi akimbie, anakataa, anataka taji lake na anataka kufa akiwa mfalme wa Uingereza. Ninaamini hapo pana hesabu pia: aliyemwangusha simba hatasema aliangusha paka. Hata hivyo wanahistoria wengi, hata maadui zake wa zamani, wanakubaliana na mtunzi huyo katika hili moja, kwamba Richard alikufa akipigana.

Hapo ndipo habari hii inapokutana na ya pwani yetu, ambako walioshindwa walikuwa na mshairi wao. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, alikuwa malenga wa Mombasa na sauti ya Wamazrui, watawala wa mji huo, katika ugomvi wao na Lamu na kisha na Seyyid Said, sultani wa Omani. Alirushiana mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu, beti kwa beti, kila mmoja akimchoma mwenzake kwa mafumbo. Wamazrui walishindwa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa Mombasa na wakubwa wao wakapelekwa uhamishoni. Lakini beti za Muyaka zilibaki vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W. E. Taylor walipoziandika, na mwaka 1940 zikachapwa. Atakaye kujua Mombasa iliyoshindwa ilijionaje, anaweza kuisikia ikijieleza kwa lugha yake na kwa kiburi chake.

Richard hakuwa na Muyaka. Alitawala miaka miwili na miezi miwili, muda usiotosha kulea malenga, na wachache waliomsifu walikuwa watu wa kupita kama Carmeliano. Alipopendwa kweli ni York, kaskazini, alikoishi na kuamua kesi za watu kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuwa mfalme. Na York ilimlilia. Siku moja baada ya vita, kumbukumbu za kikao cha baraza la mji ziliandika kwamba mfalme wao ameuawa kwa namna ya kusikitisha, na kwamba huo ni msiba mkubwa kwa mji. Lilikuwa jambo la hatari kuliandika wakati mshindi yuko njiani. Lakini halikuandikwa na mshairi, liliandikwa na karani, katikati ya shughuli za halmashauri. Halikuwa na mizani wala vina vya kulibeba sokoni, na watu hawaimbi kumbukumbu za kikao.

Pengo hilo lilijazwa na Shakespeare. Mchezo wake wa Richard III, wa mnamo 1592 au 1593, umeandikwa karibu wote kwa mashairi, mistari ya mizani 10 isiyo na vina. Malkia wakati huo alikuwa Elizabeth I, mjukuu wa Henry Tudor, kwa hiyo hakuna aliyetarajia haki kwa Richard. Kibyongo kimekuzwa, mkono umekaushwa ingawa mifupa ya Leicester haikuonyesha mkono uliokauka, na vifo ambavyo hakuhusika navyo vimetupwa mlangoni kwake. Kwa ukweli wa mwili, Guto anamshinda Shakespeare kwa mbali.

Ila Shakespeare alifanya jambo ambalo washairi wa Wales hawakuliwaza, na Zahidi asingemfanyia Muyaka: alimpa adui kinywa. Mchezo unaanza na Richard peke yake jukwaani akizungumza na sisi. Tazama anapomkabili Anne, ambaye anasindikiza maiti ya baba mkwe wake, Mfalme Henry VI. Richard amemuua huyo, amemuua na mume wa Anne. Wanajibizana mstari kwa mstari, kila mmoja akidaka neno la mwenzake na kuligeuza, kama watu wawili waliokutana kwenye ngoma ya kushindana. Anampa upanga, anafunua kifua, anamwambia achome. Upanga unaanguka. Tukio linapoisha Anne ameikubali pete yake, na Richard, akibaki nasi, anamcheka. Wanaoijua Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo mwingine wa Shakespeare, watamkumbuka Antony juu ya maiti, akiugeuza umati mzima kwa maneno. Richard anafanya hivyo hivyo kwa mtu mmoja, na kazi yake ni ngumu zaidi, kwani muuaji ndiye yeye. Sisi tuliokaa vitini tunapaswa kumchukia, na tunangoja arudi.

Kwa hiyo nadhani wanaomlaumu Shakespeare kwa kulichafua jina la Richard wamesahau deni lao. Mwaka 1924 chama cha kumtetea mfalme huyo kilianzishwa Uingereza, kikitumia jina la nguruwe wake mweupe, na wanachama wake ndio waliosukuma na kuchangia uchimbaji wa Leicester. Wangapi wangejisumbua kwa ajili ya mfalme wa miaka miwili ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema? Henry VI alitawala muda mrefu zaidi, naye akauawa, na hakuna umati unaogombana juu yake.

Tarehe 26 Machi 2015 mifupa ilizikwa upya katika Kanisa Kuu la Leicester. Carol Ann Duffy, mshairi rasmi wa taifa wakati huo, alitunga shairi la mistari 14, na mwigizaji Benedict Cumberbatch akalisoma. Mwaka uliofuata Cumberbatch huyo huyo aliigiza Richard wa Shakespeare, yule mwovu, kwenye televisheni ya BBC. Katika shairi la Duffy mifupa yenyewe ndiyo inayosema, inaomba jina lake lichongwe na iombewe. Ni shairi zuri, tulivu, lililofaa siku ile.

Mtu anaweza kudhani ni jambo jipya, marehemu kupewa sauti. Si jipya. Mnamo 1495 Henry VII alimjengea Richard kaburi, na beti za Kilatini za kaburi hilo, zilizonakiliwa na kutufikia, nazo zinamfanya maiti aseme mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Zimelipiwa na aliyemshinda, na zinamsifu Henry kwa hisani yake, jambo la kuchekesha kidogo. Lakini katika beti hizo za adui, Richard anakiri kwamba alikuwa ami aliyetawala kwa niaba ya mpwa wake, na kwamba alivunja imani aliyopewa. Katika mistari 14 ya Duffy, iliyosomwa mbele ya maaskofu na kamera, mpwa huyo hatajwi, wala mdogo wake.