Mtini wa Brooklyn: Nani Aliuleta?

Katika jiji la New York hakuna nyigu wa mtini. Habari hiyo inaweza kuonekana ndogo, hata ya kuchekesha, lakini kwa mwanafunzi wa historia ni ushahidi mzito, na makala haya yamejengwa juu yake.

Tuanze na mmea wenyewe. Wengi wetu tuliijua tini kwa jina kabla hatujaionja: sura nzima ya Kurani imepewa jina lake, na katika Biblia Adamu na Hawa wanajisitiri kwa majani yake. Mkuyu wa kwetu ni ndugu yake wa ukoo mmoja. Tunda la tini, ukilipasua, utaona kwamba ni kama mfuko uliofungiwa maua mamia ndani, wenye tundu moja dogo kwenye kitovu chake. Katika nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati, nyigu mdogo sana huingia kwa tundu hilo akiwa na chavua ya mtini dume. Asipoingia, mbegu za tini hubaki maganda matupu. Hata ukizipanda hazioti. Ipo mitini ambayo ikimkosa nyigu huyo huangusha matunda yake yote yangali mabichi. Ipo mingine, na hiyo ndiyo huitwa ya kawaida, ambayo huivisha matunda bila kuchavushwa: matunda matamu, yenye mbegu zisizo na uhai.

Nyigu huyo hupitisha majira ya baridi ndani ya matunda ya mtini dume. Penye baridi ya kugandisha matunda hayo hufa, na yeye hufa nayo. Kwa hiyo mtini unaouona leo nyuma ya nyumba huko Brooklyn, au Philadelphia, au Boston, haukuota kutokana na tunda lililodondoka kwa jirani, wala ndege hakuleta mbegu yake. Kuna mtu aliyekata tawi mahali fulani, akalibeba, akalichomeka ardhini. Na yule aliyempa tawi naye alipewa na mtu. Msomaji mbishi atasema kwamba tini kavu za Uturuki zina mbegu hai, na mche unaweza kuota kutokana nazo. Ni kweli. Lakini karibu nusu ya miche hiyo huwa ni midume, na mingi ya iliyobaki humdai nyigu asiyekuwapo. Hakuna atakayeutunza miaka kumi mti usiomlisha.

Mkulima wa muhogo wa kwetu anakiita kijiti cha kupanda "mbegu", na mwanabotania humsahihisha. Mimi naona mkulima ana hoja. Kijiti cha mtini, chenye unene wa penseli na urefu wa shubiri moja, kilichokatwa mti ukiwa umelala bila majani, hufanya kazi yote ya mbegu na zaidi. Mbegu huzaa mtoto, ambaye huenda asifanane na mama. Kijiti ni mama mwenyewe aliyehama. Kikifungwa kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, hukaa miezi bila kufa. Kikitiwa penye joto la wastani, kwenye udongo usiotuamisha maji, hutoa mizizi baada ya wiki chache. Kinachoviua vijiti vingi ni maji kuzidi, si kiu.

Jambo hili ni la kale mno. Mwaka 2006 watafiti watatu walitangaza katika jarida la Science habari za tini tisa zilizoungua na kuwa makaa, zilizochimbuliwa Gilgal, karibu na Yeriko katika bonde la Yordani, zenye umri wa miaka ipatayo 11,400. Walidai zilikuwa za aina isiyohitaji nyigu, na kwa hiyo watu walikuwa wakipanda vijiti vya mtini miaka kama elfu moja kabla ya kufuga nafaka. Wenzao walipinga haraka: mitini ya namna hiyo hutokea pia porini yenyewe. Mabishano hayo hayahitaji kumalizwa hapa. Linalonivutia ni kwamba pande zote mbili ziliuliza swali lilelile la Brooklyn: je, mti huu una mkono wa mtu nyuma yake? Yeriko swali hilo linabishaniwa. Penye baridi halina ubishi.

Sasa tuje kwa watu. Kati ya mwaka 1880 na 1924, Waitaliano zaidi ya milioni nne waliingia Marekani, wengi wao wakitoka kusini: Sicily, Calabria, viunga vya Naples. Wengi walikuwa watu wa shamba waliogeuka vibarua wa reli, wa mifereji na wa ujenzi. Makarani wa kampuni za meli waliandika majina yao, umri, kazi, na fedha walizokuwa nazo mfukoni, na orodha hizo zikakaguliwa Ellis Island, kituo kilichofunguliwa mwaka 1892. Karani hakuwa na safu ya vijiti. Wala haikuwa lazima kuvificha mwanzoni, maana sheria ya karantini ya mimea ilipitishwa mwaka 1912 tu, na kanuni kali zaidi zikaanza kutumika Juni 1919. Waliokuja baada ya hapo na kijiti ndani ya sanduku walikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Ndiyo maana historia hii ina karatasi chache namna hii: kabla ya 1912 haikuwa na thamani ya kuandikwa, na baada ya 1919 haikuwa na usalama wa kuandikwa.

Mtini ulipofika ukakutana na baridi. Matawi yake huanza kuumia halijoto ikishuka kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri, na New York kuna miaka inayopita hapo. Mizizi huokoka na kuchipua tena masika, lakini mti ulioanza upya kutoka ardhini huchelewa, na barafu ya vuli huzikuta tini zingali kijani. Hivyo wazee wale wakawa wanauzika mti. Mwezi Novemba, majani yakishaanguka, hupunguza matawi na kuyafunga kwa kamba kama mzigo wa kuni. Huchimba handaki upande mmoja, hukata mizizi ya upande wa pili kwa sepetu, halafu huulaza mti taratibu hadi uingie shimoni, kisha mbao, majani makavu, na udongo juu. Aprili huufukua. Wengine, ambao mti wao ulikuwa mnene mno kukunjwa, waliuvika mablanketi, mazulia makuukuu na karatasi ya lami, na juu kabisa wakaufunika ndoo ili mvua isiingie. Mtu asiyejua akipita mtaani Januari anaona kitu kama mtu mnene aliyevaa kofia ya bati, amesimama uani peke yake.

Fikiri kazi hiyo, kila mwaka, kwa ajili ya matunda ya wiki chache. Wanahistoria wengine huieleza kwa neno moja tu, kumbukumbu ya nyumbani, wakaendelea na sura nyingine. Naona maelezo hayo ni mepesi. Kumbukumbu inaweza kutunzwa kwa picha ukutani. Tini mbivu haivumilii safari. Hulainika na kuchacha kwa siku mbili tatu, hivyo soko la mjini halikuweza kumpa kibarua kile alichokula kijijini. Aliyetaka tini mbivu ilibidi awe na mti, au awe na jirani mwenye mti. Na mti huo kila mwaka hupogolewa, matawi yaliyokatwa yanalala chini, na kila tawi ni mitini mitatu minne ya bure. Kugawa hakukuhitaji ukarimu mkubwa. Kulihitaji jirani aliyeomba.

Linganisha na Uingereza. Kwenye jumba la Lambeth, London, makao ya askofu mkuu wa Canterbury, ipo mitini inayosimuliwa kuwa imetokana na ule alioupanda Kardinali Pole, aliyeshika kiti hicho mwaka 1556 hadi 1558. Katika chuo cha Christ Church, Oxford, upo mtini unaohusishwa na Edward Pococke. Huyu alikuwa kasisi wa wafanyabiashara wa Kiingereza mjini Aleppo, Syria, akajifunza Kiarabu huko, na mwaka 1636 akawa wa kwanza kushika kiti cha uprofesa wa Kiarabu kilichoanzishwa na Laud. Yeye inasemekana alileta kutoka Syria maandishi pamoja na mtini. Maandishi yana hati. Mtini una masimulizi. Hata hivyo masimulizi hayo yamehifadhiwa kwa sababu ya cheo cha msimulizi. Ushahidi wa mtini wa Pole hauzidi sana ushahidi wa mtini wa fundi mwashi wa Queens, ila mmoja una jina la kardinali na mwingine unaitwa "ule wa mjomba".

Majina ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mwaka 1955 Ira Condit wa Chuo Kikuu cha California alichapisha orodha kubwa ya aina za mitini, yenye majina takriban 700, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kufungua mafundo: jina moja likitumika kwa miti tofauti, mti mmoja ukiwa na majina matano. Brown Turkey ya Uingereza si Brown Turkey ya California. Mtini mmoja unaovumilia baridi huuzwa kwa jina la Hardy Chicago, ingawa asili yake inatajwa kuwa Sicily, kandokando ya mlima Etna. Mwingine unaofanana nao sana unaitwa Bensonhurst Purple, kwa jina la mtaa wa Brooklyn. Utaona kilichotokea: jina jipya limehifadhi mahali mti ulipookotwa na kufuta mahali ulipotoka. Wanazuoni wetu wa hadithi wangeliita hili pengo la sanad. Mnyororo umeshika kiungo cha mwisho tu. Vipimo vya vinasaba vinaweza kusema miti miwili ni mmoja. Haviwezi kusema ni nani aliyembebea nani, wala kwa meli gani.

Kugawana kulikuwa na hasara pia. Ugonjwa wa madoadoa ya majani ya mtini hubebwa na kijiti chenyewe, na umesambaa kwa mikono ileile ya wema. Karantini haikuwa uonevu mtupu.

Siku hizi vijiti vya aina adimu vinauzwa kwa makumi ya dola kimoja, na serikali ya Marekani inatunza mkusanyo mkubwa wa mitini huko California, karibu na Davis, penye hali ya hewa inayoufaa. Miti ya nyuma ya nyumba haina mtunzaji wa namna hiyo. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anakuta kisiki kilichofungwa mazulia na kukiona takataka. Shoka linafanya kazi ya dakika chache. Ndiyo maana naomba mwanachama yeyote atakayepewa kijiti mwezi Februari asiandike jina la aina peke yake kwenye kibandiko. Aandike ni nani aliyempa, mtaa gani, na kama mtoaji anajua, nani alimpa yeye na katika kijiji gani cha Calabria au Sicily. Maandishi ya penseli hudumu zaidi ya yale ya kalamu ya wino penye unyevu.