Uchungu wa Klorokwini

Mji wa Babati umekaa baina ya mlima Kwaraa na ziwa lenye viboko, kwenye barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Ni nchi ya juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Huko malaria hupanda na kushuka kwa majira ya mvua, na ambaye mwili wake haukuizoea ndiye imwangushaye kwa kishindo. Kwa miaka mingi, huko kama kwingineko Tanzania, tegemeo lilikuwa kidonge cha klorokwini: kichungu kupindukia, na wengi kiliwaachia mwasho wa mwili mzima.

Nasaba ya kidonge hicho yaanzia kwenye gome la mti. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou walitoa kwinini katika gome la mkwinini, mti wa milima ya Andes. Wajerumani nao waliupanda Amani, Usambara, walikoanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia za bahari, magome hayo yaliwatengenezea askari wao dawa.

Lakini mti hukua polepole, na wanakemia walitamani kuipata kwinini pasipo mti. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, alijaribu kuiunda kutokana na lami ya makaa ya mawe. Hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Kosa hilo likazaa viwanda vya rangi, na rangi zikazaa dawa: mwaka 1891 Paul Ehrlich alitibu malaria kwa rangi ya buluu, baada ya kuonekana kuwa huwatia rangi vijidudu vya ugonjwa huo. Mwaka 1934, katika maabara za Bayer, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza rangi, Hans Andersag akaunda klorokwini.

Siri yake imo katika naitrojeni. Kwinini na klorokwini zote zimejengwa juu ya pete mbili zilizoshikana, za chembe za kaboni na moja ya naitrojeni. Kijidudu hula damu, na mabaki ya mlo huo ni sumu kwake, hivyo huyageuza fuwele zisizomdhuru. Naitrojeni huvutwa na asidi ya tumbo lake. Dawa hujilimbikiza humo, huzuia fuwele, na mlaji hufa kwa mlo wake mwenyewe.

Bandu bandu huisha gogo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 walionekana Afrika Mashariki vijidudu wenye kuitoa dawa hiyo tumboni. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini na kushika SP, nayo ikachakaa upesi. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto, ambayo Zanzibar iliitangulia mwaka 2003. SP imebaki kuwa kinga ya wajawazito.

Mseto huo umeungwa kwa artemisinini, itokayo katika mmea wa Kichina, na mwenzake mwenye pete na naitrojeni, kila mmoja amlinde mwenziwe. Sasa mkoani Kagera wamethibitishwa vijidudu wanaochelewa kufa kwa artemisinini. Mwenzake akielemewa naye, mgonjwa wa Babati atarudi pale alipokuwa mwaka 2001: kidonge mkononi, na homa isiyoshuka.