Breki Inapolia, Breki Inapokwaruza

Kutoka Kibosho kwenda Moshi mjini ni mteremko, na mguu wa dereva hauachi kuitafuta breki. Ndiyo maana huku migombani hakuna asiyeijua kauli ya "breki zinalia". Shida ni kwamba kauli hiyo moja tumeibebesha maradhi mawili.

Mlio ni sauti nyembamba, kali. Pedi ikiibana diski hunata na kuachia zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, chuma kikatetemeka, kama upinde unavyoufanya uzi wa zeze ulie. Kitenzi "kulia" kimekaa mahali pake kabisa. Asubuhi baada ya mvua, mlio wa kutu changa huisha ukikanyaga breki mara chache. Ukidumu, pengine vumbi jekundu limejaa, au uso wa pedi umeungua ukang'aa kwa joto la mteremko, au kile kibati cha chuma kwenye pedi kimeanza kugusa diski. Kimewekwa makusudi, kipige kelele pedi ikibaki milimita 2 au 3 hivi. Mimi ningekiita kilizi, maana kazi yake ni kuliza.

Mkwaruzo ni sauti nzito ya kusaga, na mguu huisikia kwenye pedali. Aliyewahi kukwangua ukoko wa sufuria anaijua. Hapo pedi imekwisha, chuma kinakula chuma. Tafsiri ya Kiswahili inayosema tu "kelele za breki" inanikera kwa sababu inayachanganya haya mawili: msomaji ataona ni kero ya masikio tu, kumbe gari lake halifai kushuka hata hadi barabara kuu.

Ukitaka kukagua breki nyumbani, tafuta kwanza sehemu tambarare, adimu huku kwetu. Zuia magurudumu kwa mawe, legeza nati, piga jeki, weka stendi, kisha toa tairi. Pitisha ukucha juu ya diski iliyopoa: ukikwama kwenye mifereji, diski imeshaliwa, mwite fundi. Vumbi usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa kibichi. Pedi iliyong'aa ipige msasa kidogo. Grisi ya breki ipakwe mgongoni mwa pedi, kamwe si usoni. Ukibadilisha pedi, badilisha za kushoto na kulia pamoja, na kabla hujaondoa gari kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Ukisahau, kona ya kwanza utaifikia huna breki.