Metali za kioo: Chuma kisicho na fuwele kinachookoa umeme

UMEME unaozalishwa kwa maji ya Mto Pangani, katika kituo cha Hale (megawati 21, mwaka 1964) na kile cha New Pangani Falls (megawati 68, mwaka 1995), haumfikii mtumiaji bila kupitia transfoma. Ndani ya transfoma kuna kiini cha chuma ambacho usumaku wake hugeuka mara 100 kila sekunde, hata watu wanapokuwa wamelala na taa zimezimwa. Kila mgeuko hula umeme kidogo, nao hupotea kama joto.

Chanzo kimojawapo cha upotevu huo ni mpangilio wa atomu. Katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Tanga, maji hukauka taratibu na chembe hupata muda wa kujipanga kuwa fuwele. Chuma kilichoyeyushwa nacho hujipanga hivyo kinapopoa. Lakini mipaka kati ya fuwele hukwamisha mgeuko wa usumaku.

Mwaka 1960, Pol Duwez na wenzake huko California, Marekani, walitangaza kuwa aloi ya dhahabu na silikoni ikipozwa kwa kasi ya takriban nyuzi milioni moja kwa sekunde, atomu hukosa muda wa kujipanga. Aloi huganda ikiwa na mpangilio wa kimiminika, mithili ya kioo cha dirisha. Ndiyo asili ya jina metali za kioo.

Aloi zinazotumika katika transfoma huchanganya chuma, silikoni na boroni. Humiminwa juu ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, zikatoka kama utepe wenye unene wa takriban milimita 0.025. Atomu zake hazina mpangilio wa masafa marefu, ingawa kila atomu ya boroni huzungukwa na atomu za chuma kwa utaratibu unaokaribiana. Kwa kukosa mipaka ya fuwele, na kwa wembamba wake, utepe huo hupunguza upotevu wa kiini hadi takriban theluthi moja ya ule wa chuma cha silikoni.

Hata hivyo, hali hiyo si ya kudumu katika joto lolote. Utepe ukipashwa hadi kukaribia nyuzi 500 za Selsiasi, fuwele za chuma huanza kuota, kisha zile za chuma na boroni. Hapo sifa njema za usumaku hupotea. Mwaka 1988 watafiti wa Hitachi Metals, Japani, walionyesha njia nyingine: shaba kidogo huanzisha fuwele nyingi kwa pamoja, na niobi huzizuia kukua. Fuwele ndogo kiasi hicho, za takriban milioni moja ya sentimita, haziukwamishi usumaku.

Kasoro zipo: utepe huvunjika kwa urahisi, na kiini chake huwa kikubwa zaidi. Kwa hiyo mnunuzi wa transfoma hana budi kupima bei ya leo dhidi ya umeme utakaopotea kwa miaka mingi ijayo.